Umeme Ulikuwepo

Mtaa mzima ulimcheka Fundi kwa jambo moja: umeme ukikatika, na yeye anakatika. Majirani walipotoa jenereta zao ndogo barazani na kuzivuta kamba mpaka zikakohoa na kuwaka, yeye aliweka bisibisi chini, akavaa ndala, akaondoka. Hakuaga. Alizunguka mitaa ya nyuma, kule kwa watu wasio na uwezo wa kununua jenereta, na hakurudi mpaka taa za barabarani zilipowaka tena. Nyumbani kwake walitumia mishumaa. Ndipo wakambandika jina la Fundi Giza, naye akalipokea bila ugomvi.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza cherehani. Za kukanyaga tu. Za umeme aliwarudishia wenyewe, akasema macho hayamruhusu. Aliketi kibarazani kuanzia asubuhi, mafuta vidoleni, meno ya mashine yametandazwa juu ya gazeti, na ukimsalimia anakuitikia vizuri, basi. Mkewe alikuwa akisema kwamba kuolewa na mume huyo ni kama kupanga chumba kwa mwenye nyumba mpole: hakusumbui, lakini kuna mlango mmoja hajawahi kukupa ufunguo wake.

Walikuwa na mtoto mmoja, binti. Mtaa ulianza kumwita Wakili siku alipoingia chuo kikuu kusoma sheria, kabla hajamtetea hata kuku. Alipomaliza, jina lilibaki na kazi haikuja. Akawa anachapa barua za watu katika duka la fotokopi la shangazi yake, mchana kutwa, mashine ikimpulizia joto la karatasi usoni. Shangazi alimtania mbele ya wateja. "Huyu ana digrii," alisema. "Ukitaka fotokopi yenye haki zake zote, mwachie yeye."

Kwa hiyo barua pepe ilipoingia alikuwa amesimama pale pale kwenye mashine. Aliisoma, akaifunga, akaifungua tena. Alikuwa amepata ufadhili wa masomo. Ulikuwa wa mwaka mzima, kwa vijana wa Kiafrika waliohitimu vyuo, wakasomee haki za binadamu na demokrasia. Ada, malazi, chakula na nauli juu ya wafadhili, na mwisho wake miezi ya kazi katika shirika au mahakama. Waombaji walikuwa wamemiminika kutoka kila pembe ya bara. Shangazi alizima mashine, akafunga duka mchana kweupe, akamshika mkono mpaka nyumbani kama anayempeleka bibi harusi.

Mama alilia kidogo, akacheka, akalia tena. Fundi alifuta mikono kwa kitambaa, kidole baada ya kidole.

"Ni wapi?" aliuliza.

"Jiji kuu, Baba. Wana kituo chao. Hiki hapa." Wakili alimpa simu. Picha ilionyesha jengo refu la ghorofa moja, kuta nyeupe, madirisha madogo yaliyowekwa juu karibu na dari, na ua mpana kwa nyuma.

Fundi aliitazama picha ile. Alipitisha kidole gumba juu ya kioo kana kwamba kina vumbi. Kisha akarudisha simu.

"Wamepaka rangi," alisema.

"Unalijua hili jengo?"

"Niliwahi kupita." Akainama kuokota bisibisi yake. "Hongera, mama. Umetutoa kimasomaso."

Siku ya safari alimbebea begi mpaka kituo cha basi. Basi lilipoanza kuondoka aligonga dirisha, binti akalifungua, na baba mtu akasimama pale mdomo wazi, kama aliyesahau neno. "Ukiona pamekushinda," alisema hatimaye, "rudi. Hakuna atakayekuuliza."

*

Kituo hakikuficha historia yake. Kwenye ukuta wa mlangoni palikuwa na maandishi yaliyosema wazi kwamba enzi za serikali ile ya zamani watu waliletwa hapa bila mashtaka, wakahojiwa, wakateswa, na wengine hawakuonekana tena. Chumba kimoja kiliachwa kama kilivyokuwa. Vingine viligeuzwa madarasa, maktaba na mabweni. Mkuu wa kituo, mama mwenye sauti ya kuvuta maneno, aliwaambia siku ya kwanza: "Tumepachagua hapa makusudi. Haki za binadamu zikisomwa katika hoteli, mtu husinzia."

Wakili alipangiwa chumba kimoja na msichana kutoka nchi ya mbali, mwandishi wa habari aliyetimuliwa kazini kwa kuuliza maswali. Darasa likamwita Dada Swali. Alikuwa mcheshi, alilala na soksi, na alikuwa na dada kwao aliyekuwa gerezani wakati huo huo wanaongea. Walipatana upesi.

Wiki za mwanzo zilikuwa tamu. Walisoma mikataba ya kimataifa, wakabishana kuhusu uchaguzi mpaka chakula kikapoa, wakajifunza namna ya kumhoji mtu aliyeumizwa bila kumuumiza upya. Wakili alihisi akili yake inanyooka kama mtu aliyetoka kwenye kiti kifupi.

Kisha akaanza kusikia jenereta.

Mara ya kwanza ilikuwa alasiri, anaanua nguo uani. Ngurumo nzito ilianza, ikatulia katika mwendo mmoja, ikamwingia miguuni kupitia ardhi. Hakushangaa, maana alikulia katika mtaa wa jenereta. Alifikiri umeme umekatika. Lakini alipoingia ndani, feni zilikuwa zinazunguka na taa ya ukumbini inawaka. Akarudi uani: kimya. Kwenye kamba, nguo zilikuwa hazitikisiki.

Ilirudi siku nyingine, darasani, mhadhiri akieleza maana ya mateso kisheria. Wakili alimwona anafungua na kufumba mdomo, hasikii neno. Alitazama wenzake, wote walikuwa wanaandika. Akamnong'oneza Dada Swali, "Hiyo jenereta wanaiwashia nini?"

Dada Swali alimtazama. "Jenereta gani?"

Aliuliza na mlinzi wa getini. Mlinzi alimwonyesha kwa kidole paa zima la kituo, limejaa paneli za jua. "Hapa hatuna jenereta, dada. Hatujawahi kuwa nayo tangu nije." Halafu akaongeza, "Labda ile ya zamani. Ilikuwa inakaa pale uani, kwenye lile zege."

Wakili alilijua lile zege. Lilikuwa jukwaa fupi karibu na kamba za nguo, na bolti nne zenye kutu zilichomoza juu yake. Wote walikuwa wakiweka juu yake mabeseni yao. Tangu siku ile yeye aliweka la kwake chini.

Dada Swali alimpeleka zahanati. Daktari alimchungulia masikio, akampiga taa machoni, akasema ni uchovu wa masomo, anywe maji mengi. Alikunywa maji mengi. Ngurumo haikuondoka. Ilikuja ilipotaka, siku zote mchana, siku zote umeme ukiwepo, na ilipokatika iliacha nyuma yake kimya kibaya zaidi kuliko yenyewe, kimya cha kutegea kitu.

*

Katikati ya mwaka aliletwa mgeni wa kuzungumza nao, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mwanamke mwembamba aliyevaa koti hata kwenye joto. Alikuwa amefungwa katika jengo lile akiwa kijana kama wao, yeye na mdogo wake wa kiume. Hakutaka kipaza sauti. Aliketi kwenye kiti cha kawaida, mikono mapajani, akaongea kama anayesomesha hesabu.

"Watu huniuliza niliogopa nini zaidi," alisema. "Wanadhani nitasema fimbo, au maji. Mimi niliogopa jenereta."

Wakili aliacha kuandika.

"Umeme ulikuwepo. Naomba mlielewe hilo. Balbu ilikuwa inawaka juu ya kichwa changu. Lakini ukisikia jenereta imewashwa, ujue wamemchukua mtu. Nyuma ya ukuta huu palikuwa na bomba la maji la mtaa, akina mama wanapanga ndoo. Hawakutaka akina mama wasikie. Kwa hiyo walikuwa wanawasha ile mashine, nasi vyumbani tunajua, kila mmoja anaomba Mungu isiwe yeye, halafu anaona haya kwa sababu kama si yeye basi ni mwenzake."

Akaendelea. Siku moja walimchukua mdogo wake. Jenereta ikanguruma. Na katikati ya kazi yao, mashine ikazimika. Ghafla tu. Kukawa kimya, na ndani ya kimya kile sauti ya mdogo wake ikatoka nje kupitia yale madirisha ya juu, ikaruka ukuta. Alikuwa anaita, "Dada. Dada." Akina mama wa bombani walisikia. Mmoja alianza kupiga ndoo kwa kopo, mwenzake akapokea, kisha wote. Watu wakajaa barabarani. Mashine iliwaka tena baadaye, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Habari zikafika redioni, redio za ng'ambo zikazichukua, na kabla mwezi haujaisha Mwalimu na wengine waliachiwa.

"Mdogo wangu hakuwemo. Mpaka leo sijui alipo," alisema. "Ila kuna mtu aliyeizima mashine ile. Mashine haijizimi. Kulikuwa na kijana wa jenereta, nilikuwa namwona kwa tundu la mlango, anapita na dumu. Sijui jina lake. Alihatarisha roho yake ili sisi tusikike. Nimezeeka natafuta kumshika mkono. Ninyi ni wasomi na mna intaneti. Nitafutieni mtu wangu."

Darasa zima liliinuka likapiga makofi, wengine wanalia. Mkuu wa kituo alisema papo hapo kwamba hiyo ndiyo itakuwa kazi ya utafiti ya muhula. Dada Swali alishaanza kugawa majukumu: nani aende kwenye nyaraka, nani awasake watumishi wa zamani.

Usiku huo, wakiwa wamelala kila mtu na kitanda chake, Dada Swali alimuuliza Wakili, "Hivi baba yako anafanya kazi gani? Hujawahi kusema."

"Anatengeneza cherehani," alijibu Wakili. Ulikuwa ukweli mtupu, akageukia ukutani.

*

Ijumaa alichukua basi la kwenda nyumbani. Hakumwambia mtu. Alimkuta Fundi kibarazani, cherehani imelala ubavu mbele yake, na akaketi kwenye kigoda cha wateja.

"Baba. Lile jengo ulipita tu, au ulifanya kazi?"

Fundi aliendelea kukaza nati mpaka ikakataa kukazika zaidi. "Nilifanya kazi."

"Jenereta."

"Jenereta."

Mama alikuwa mlangoni na sahani ya mchele anauchagua. Hakuondoka, hakusogea. Wakili alisimulia yote: Mwalimu, akina mama wa bombani, ndoo, mashine iliyozimika. Aliposimulia alihisi furaha ya ajabu inampanda, furaha iliyokuwa imejificha tangu siku ile darasani, kwamba hicho ndicho kilichokuwa nyuma ya mlango usio na ufunguo: baba yake alikuwa shujaa na hakumwambia mtu.

"Anataka kukushukuru," alimaliza. "Anasema wewe ndiye uliyeizima."

Fundi alimtazama binti yake. Macho yake yalikuwa makavu.

"Mafuta yaliisha," alisema.

Wakili hakuelewa.

"Sikuizima. Mafuta yaliisha. Nilitakiwa kuongeza asubuhi, sikuongeza. Nilikuwa nyuma ya bohari nacheza drafti na dereva. Nilikuwa nashinda." Alivuta pumzi. "Iliponyamaza nikasikia yule kijana anaita dada yake. Na nilikuwa najua, mwanangu. Usije ukafikiri sikuwa najua kazi ya ile mashine. Lakini kujua ni kitu kimoja na kusikia ni kingine. Nikakimbia na dumu. Nilimwaga nusu chini kwa kutetemeka. Nikajaza. Nikawasha. Ikawaka kwa mara ya kwanza tu. Ilikuwa mashine nzuri."

Mchele uliacha kulia kwenye sahani.

"Baba, ungefanya nini? Wangekuua."

"Labda. Sikufikiri hivyo wakati ule. Nilifikiri nitafukuzwa kazi."

Wakili aliinamisha kichwa. Kilichomtoka mdomoni baada ya hapo ni kitu ambacho mwanafunzi wa haki za binadamu hakutarajiwa kukisema, na alikisema kwa sauti ya chini kama anayemshawishi mgonjwa anywe dawa. "Hawajui. Hakuna anayejua ila sisi. Unaweza kunyamaza. Au unaweza hata kukubali, Baba. Yule mama amezeeka. Anataka mkono wa kushika, basi."

Mama ndiye aliyejibu, kutoka mlangoni. "Nilimkuta hivi hivi, hasemi. Nilidhani ni tabia. Kumbe kimya kingi kina mshindo wake." Akaingia ndani na mchele wake.

Jioni ile umeme ulikatika. Jenereta za majirani ziliwashwa, moja, ya pili, mpaka mtaa mzima ukawa unatetemeka. Fundi alivaa ndala akaondoka. Safari hii binti yake alimfuata kwa mbali. Alimwona anatembea haraka, bega moja mbele, kama mtu anayepishana na mvua, mpaka alipofika pasipo na ngurumo. Pale alisimama katikati ya njia, akainua kichwa. Wakili alidhani anapumzika. Alipokaribia akaona kwamba alikuwa anasikiliza.

*

Alirudi kituoni na hakusema. Wiki zilipita. Wenzake walikuja na majina ya watumishi wa zamani. Kila jina lilipotajwa alisikiliza kama ni la baba yake. Ngurumo sasa ilikuja kila siku. Alikuwa akijibu maswali kwa kutazama midomo ya watu. Dada Swali aliacha kumuuliza chochote, na kwa mtu kama yule hiyo ilikuwa dalili mbaya.

Ndipo asubuhi moja mlinzi akaja maktaba. "Una mgeni getini."

Alikuwa Fundi. Amenyoa ndevu, amevaa shati jeupe la misibani, na kofia ameishika mkononi. Alikuwa akilitazama jengo, si kwa woga. Alilitazama kama fundi anavyotazama mashine aliyowahi kuifungua.

"Niitie yule Mwalimu," alisema. "Na wewe usiseme kitu. Umekwisha sema vya kutosha kwa ajili yangu."

Mwalimu alikuwa akiishi mitaa ya jirani. Alifika na koti lake kabla ya mchana. Mkuu wa kituo alitaka wakae ofisini, waletewe chai. Fundi alisema afadhali uani. Walisimama karibu na zege, mabeseni ya wanafunzi yamewekwa juu yake, na Mwalimu alipoambiwa ni nani alinyoosha mikono yote miwili.

Fundi alirudi nyuma hatua. "Usinishike kwanza, mama. Nisikilize."

Akamwambia kama alivyomwambia binti yake. Drafti, dereva, dumu, mashine iliyowaka mara ya kwanza. Hakupunguza neno. Mikono ya Mwalimu ilibaki hewani kwa muda, kisha ikashuka yenyewe, ikaingia katika mifuko ya koti.

"Uliiwasha tena," alisema.

"Niliiwasha tena."

"Ukiwa umemsikia."

"Ndiyo."

Mwalimu aligeuka akatazama yale madirisha ya juu. Wakili alisubiri apige kelele, au alie, au amtemee mate baba yake usoni. Lolote lingekuwa afadhali. Mwalimu alipogeuka tena sauti yake ilikuwa ile ile ya kusomesha hesabu.

"Ulimwona mdogo wangu baada ya hapo?"

"Nilimwona. Walimtoa nje jioni ile, kelele za barabarani zilipopungua. Alikuwa anatembea mwenyewe. Aliomba maji. Waliangaliana, hakuna aliyempa. Nilikuwa na kikombe changu cha bati, nikateka kwenye pipa, nikampa. Alikunywa chote. Akasema ahsante, kaka."

Mwalimu alifumba macho.

"Wakampandisha garini. Getini walikata kushoto, barabara ya machimbo. Dereva alikuwa yule wa drafti. Hawakwenda mbali. Waliporudi, bati la injini lilikuwa halijapata moto, ungeweza kulishika kwa mkono. Yeye hakuwemo. Nilimuuliza dereva, akasema tumalizie mchezo wetu."

"Mkamalizia?"

Fundi aliitikia kwa kichwa.

Nguo zilipepea kwenye kamba. Wakili aligundua kwamba ngurumo ilikuwepo muda wote huo, chini ya maneno yao, na kwamba hata hivyo alikuwa amesikia kila neno.

"Usiniombe msamaha leo," alisema Mwalimu.

"Sikuja kuuomba. Nilikuja usinishukuru."

Mwalimu aliondoka bila kuaga mtu. Fundi naye alivaa kofia, akakataa chakula, akakataa kusindikizwa, akarudi kwa miguu kituo cha basi.

*

Yaliyofuata hayakuwa mepesi. Mkuu wa kituo alimwita Wakili akamuuliza alijua tangu lini. Alisema ukweli. Kikao kilikaa kujadili kama ufadhili wake uendelee, na wengine wa darasa lake waliona usiendelee. Mmoja alisema mbele yake kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Dada Swali alisimama akasema kwamba kwao, dada yake anapoteswa, huenda kuna kijana anashika dumu nje ya mlango, na yeye angetoa chochote ili mtoto wa kijana huyo akae darasa moja naye. Hawakupiga kura. Wakaacha tu, na Wakili akabaki, akila meza ya pembeni na rafiki yake mmoja.

Fundi alikwenda mwenyewe kwenye tume iliyoundwa na serikali mpya, akatoa ushahidi na jina la dereva. Dereva alikuwa ameshakufa. Mtaani habari zilifika kabla yake. Wateja walipungua, na wale waliobaki hawakumwita tena Fundi Giza. Walimwita Fundi, kwa adabu, na adabu ile ilimuuma kuliko utani. Alivyosimulia mkewe kwa simu, siku hizi usingizini anahesabu kete.

Ulipofika wakati wa miezi ya kazi, wenzake Wakili walichagua mahakama na mashirika makubwa. Yeye aliomba kitengo cha kutafuta waliopotea, ofisi ya vyumba viwili juu ya duka la vioo. Siku ya tatu akiwa pale, mlango uligongwa, na Mwalimu akaingia na koti lake na viatu vya kutembelea.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Barabara ya machimbo ina nyumba. Za zamani. Nimeipita maisha yangu yote nikiwa nimetazama upande mwingine." Hakuketi. "Siwezi kwenda peke yangu, na sitaki kwenda na mtu atakayenihurumia. Wewe huna haki ya kunihurumia. Twende."

Wakawa wanakwenda kila Jumamosi. Waligonga mlango baada ya mlango. Wengine walikuwa wahamiaji, hawajui kitu. Wengine walijua na hawakutaka kujua. Walisema chai iko jikoni, watoto wanaumwa, karibuni siku nyingine. Mzee mmoja aliwaambia yaliyopita si ndwele, akawafungia mlango kwa upole. Njiani hawakuzungumza sana. Mwalimu alitembea mbele. Mara moja tu, bila kugeuka, aliuliza kikombe kile cha bati kilikuwa kikubwa kiasi gani, na Wakili akamwonyesha kwa mikono jinsi baba yake alivyomwonyesha alipomuuliza yeye, na Mwalimu akasema, "Basi alishiba," wakaendelea.

Nyumba ya mwisho ilikuwa peke yake, kabla ya machimbo yenyewe. Bibi mmoja mnene alikuwa akipalilia mbele, jembe fupi, khanga kiunoni. Shamba lake lilikuwa safi, matuta yamenyooka mpaka ukingoni. Aliwapa mkono wenye udongo, akawauliza habari za wanakotoka. Wakili akaeleza kwa yale maneno aliyofundishwa, ya taratibu, yasiyomsukuma mtu. Walikuwa wakimtafuta kijana aliyeletwa upande huu kwa gari, zamani, jioni moja.

Macho ya bibi yalitoka kwao, yakapita juu ya matuta, yakaenda penye kona ya mbali ya shamba. Palikuwa na kipande kidogo pale, kipana kama kitanda, kimeota majani marefu. Jembe lilikuwa limekizunguka pande zote na halikuwahi kukigusa.

Wote watatu walikitazama.

"Marehemu mume wangu alisema tupaache," alisema bibi. "Hatukujua ni wa nani. Hakuna aliyekuja kuuliza."

Mwalimu alivua koti lake. Wakili hakuwahi kumwona bila koti. Mikono yake ilikuwa myembamba, na ina alama ambazo hakuna aliyepaswa kuziona. Alilikunja vizuri, akalishika kifuani, akamuuliza bibi kama anaweza kupata kiti cha kukalia.